Huenda

Nimeponda punje sita za thomu kwenye kinu cha mama,
nikaziwacha.
Jiko limekolea, sufuria iko tupu juu ya mafiga,
na Famau, kwenye benchi, agonga meza kwa kijiko:
"Shekue, wapika ama wasoma uradi?"
Dakika kumi, bwana.
"Kwa kitunguu?"
Kwa kitunguu.

Mkahawa wangu ni meza tatu tu, ndani ya Langoni;
punda wa mchanga wakipita, matumbo yao
hufuta chokaa ya ukuta.
Wateja wamepungua. Wanasema mchuzi wangu
siku hizi ni wa wagonjwa, hauna chumvi,
na majani ni mengi kama chakula cha mbuzi.

Mama alisema, "Siyui, mwanangu.
Ni kama kuna mgeni tumboni hataki kuondoka."
Tukampeleka Malindi.
Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini,
alimpitishia kooni mpira wenye jicho,
kisha akanichorea nyuma ya risiti
kijidudu kilichojipinda kama parafujo:
kinakaa miaka na miaka mahali penye ukali
ambapo hata msumari ungelika.
Kina vidonge vyake, akasema, kikiwahiwa.
Hatukukiwahi.

Nikamuuliza habari ya vyakula.
Thomu, akasema, ina vitu viwili
vilivyowekwa nyumba mbalimbali.
Ukiiponda, kuta huvunjika, vikakutana,
na kinachozaliwa ni kile kikali chenye harufu.
Hicho, huenda, humkera mdudu.
Ukiiharakishia moto umemuua bibi arusi kabla ya nikahi.
Manjano nayo, huenda.
Kabichi, mchicha, machungwa: huenda, huenda,
wanaozila sana huonekana wanaugua kidogo,
wala hatujui kama ni majani au ni maisha yao.
Nilihesabu. Huenda kumi na moja.
Hakika, hata moja.
Ila alipofika kwenye chumvi na ng'onda
alisema "punguzeni", na hakuweka huenda mbele yake.

Jana alikuja dada yangu, Dhahabu,
akanikuta nimesimama juu ya kinu na saa mkononi.
"Mama alikula thomu kila siku aliyoamka," akasema.
"Imemfaa nini?"
Nami, kwa kuwa ulimi hauna mlango,
nikajibu: "Na ng'onda pia alikula kila siku."

Akanyamaza.
Nilimwona akihesabu vikapu.
Kila mwisho wa mwezi, kutoka Kizingitini,
papa mkavu, mweupe kwa chumvi, amefungwa kwa ukindu,
na mama mlangoni akipokea kwa mikono miwili:
ndoo, mwanangu, ndoo, umeniletea kile nikipendacho.

Nilitamani kulimeza lile neno.
"Dhahabu," nikasema, "hata hilo ni huenda."
"Usinipe huenda zako."
"Sina nyingine."

Nimelipepeta neno hili kama mchele wa mawe.
Si dawa. Si hirizi. Halimrudishi mtu.
Lakini ndani yake mna kwenda,
na mimi, alfajiri, huenda:
huenda sokoni kabla jua halijanyausha mchunga,
nikachagua ule mchungu, wenye majani madogo,
nikambishia muuzaji shilingi tano,
nikarudi kwa watu wasiotaka kuula.

Dhahabu alivuta kigoda.
"Ngapi?"
Sita.
Akamenya, akaponda, kwa hasira kidogo,
maganda yakamrukia kwenye buibui.
Kisha akauweka mchi chini
na kuitazama saa yangu badala ya kunitazama mimi.
Famau alikuwa ameshakwenda zake, akisonya.

Dakika ya saba akanusa vidole vyake.
Hakusema kitu.
Mafuta bado yalikuwa chupani.